Kitini

Baba alifundisha baiolojia maisha yake yote, na alipostaafu akaanza kufuga nyenje kwenye ndoo nyuma ya nyumba yetu huko Shirere. Majirani walimcheka. Mimi pia nilimcheka, Mungu anisamehe.

Kisha kiharusi kikamlaza hospitalini na kumnyang'anya maneno. Ndoo zikawa zangu, nami kwa wadudu sina subira. Asubuhi moja nikawakuta nyenje wengi wamekuwa weupe, laini, wameduwaa kando ya wenzao wa kahawia. Nikaenda kumwambia.

"Baba, nyenje zako zimeshikwa na ugonjwa. Zingine ni nyeupe kabisa. Nitazimwagia maji moto, hizi vitu zinaambukizananga."

Alishtuka. Mdomo ukampinda akihangaika, mwishowe likatoka neno moja: "Kitini."

Nilifurahi kwamba amesema. Nikamwita muuguzi, tukamwinua, tukamketisha kwenye kiti kando ya dirisha.

"Kitini!" alisema tena, machozi yakimtoka.

"Si uko kitini sasa, baba?" nikamjibu, nikiwa nimeanza kukasirika. Nilikuwa nimechoka. Nikaenda nyumbani, nikachemsha maji, nikamwaga.

Jioni, nikitafuta kadi yake ya hospitali, nilifungua daftari lake la ufugaji. Ukurasa mmoja ulikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari mara mbili: KITINI. Chini yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Ganda la nyenje limejengwa kwa kitini, nyuzi ndefu za sukari yenye nitrojeni, zilizofumwa pamoja na protini. Ganda halitanuki. Nyenje akitaka kukua sharti alivue. Lile jipya huwa jeupe na laini, mpaka protini zishikane, ndipo linapokuwa gumu na kahawia. Ni saa chache tu. Ukiona weupe, usiwaguse. Wanakua."

Niliisoma hiyo sentensi ya mwisho nimesimama.

Kesho yake niliketi karibu naye. "Nimesoma daftari, baba. Nimeelewa ulichokuwa unasema."

Macho yake yakang'aa. Alijikaza muda mrefu kupata neno jingine.

"Ziko?"

Ningeweza kusema ziko. Lakini huyu ndiye aliyenichapa nikiwa mdogo kwa kudanganya.

"Haziko, baba. Nilimwaga."

Aliniangalia, akafumba macho. Aliishi wiki tatu zaidi, na hakujaribu kuniambia neno tena.