Kilo Tulizomchumia Beki

Miezi mitatu baada ya kumzika mume wangu, msichana kutoka ofisi ya michezo alinipigia simu. Nilikuwa kwenye chai yetu hapa Kimulot, kikapu mgongoni, vidole vikinata utomvu. Alisema kunajengwa ukuta wa heshima kwenye uwanja wa Kericho, utaandikwa majina ya wanamichezo wa zamani, na jina la mzee limependekezwa.

"Kogo, tunaomba ulete karatasi zozote aliacha," akasema. Kogo ni nyanya kwa Kipsigis. Aliniita hivyo ingawa hatukuwa tumeonana.

Nikamwambia sawa. Siku hizo nilisema sawa kwa kila kitu. Binti yangu aliponiambia tuuze ng'ombe mmoja, nilisema sawa, na kesho yake alipobadilisha mawazo nikasema sawa tena. Sikuwa nimelia tangu mazishi. Nilikula, nikalala, nikachuma chai, nikaenda kanisani, na yote hayo niliyafanya kama mtu anayemwangalilia jirani boma akiwa safarini.

Aliyefurahi ni binti yangu. Ni mwalimu, na tunaishi pamoja. Siku hiyohiyo alifungua sanduku la baba yake. Hakukuwa na medali wala picha. Kulikuwa na Biblia, hati ya shamba, na kadi ya kazi ya kampuni ya chai iliyomwajiri akiwa kijana. Kwenye kadi, mahali pa kuandika kazi, palikuwa na neno moja: mchumaji.

"Mchumaji?" binti yangu akauliza. "Si ulisema baba aliajiriwa kucheza mpira?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sasa mbona wameandika mchumaji?"

Nilijua jibu, lakini lilikuwa refu na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia tule kwanza.

Jibu lenyewe ni hili. Nilipokuwa msichana, mashamba makubwa ya chai yalikuwa na timu za mpira, na mameneja walioneana wivu kwa sababu ya timu hizo. Kijana akijua mpira, alifuatwa hata kwao mbali. Alipewa nyumba, akapewa mshahara, na kazi yake ikawa mpira asubuhi na mpira jioni. Hao ndio watu wa kwanza tuliowaona kwa macho yetu wakila kwa miguu yao. Lakini kwenye vitabu vya kampuni hakukuwa na kazi inayoitwa kucheza. Kila mmoja wao aliandikwa mchumaji, na mchumaji lazima awe na kilo.

Kilo zilitoka kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikichuma kwenye shamba hilo pamoja na wanawake wengine. Asubuhi moja nyapara alituita wanane, akasema kuanzia leo kila mmoja wetu atatoa kidogo kwa kadi ya beki mpya. Hakutuuliza kama tunataka. Kila jioni penye mizani tulimwaga majani kwenye gunia lake, na kwa kuwa kila mmoja aliogopa kuonekana mchoyo mbele ya nyapara, yule beki akawa anatuzidi sote kwa kilo. Mtu ambaye hakuwa ameshika hata jani moja.

Nilimchukia kabla sijamjua. Mvua ya mawe ikitupiga huko juu, tulisikia filimbi ya mazoezi chini kwenye uwanja. Siku moja nilipokwenda kuteka maji nilimkuta mferejini, viatu vya mpira vikining'inia shingoni.

"Kikapu chako kimejaa leo?" nikamuuliza.

"Kikapu gani?"

Nikamwambia habari za gunia. Alisimama pale, mtungi wangu ukafurika na maji yakaanza kumlowesha miguu, hakusogea. Alidhani karani wa mizani anajiandikia tu kilo hizo. Kesho yake baada ya mazoezi alipanda shambani, akaomba kikapu, akachuma mpaka jioni. Alichuma vibaya, majani magumu pamoja na vijiti, na karani akayamwaga yote chini. Wanawake walicheka hadi wakakaa. Lakini alirudi siku iliyofuata, na nyingine, mpaka kocha akamkataza kwa sababu alikuwa anafika mazoezini amechoka. Mwaka huo haukuisha kabla hajaleta wazee kwetu kuniposa.

Sikuwahi kumwona akicheza. Siku za mechi tulichuma hadi saa nane, kisha kulikuwa na nguo za kufua na kuni za kutafuta. Nilisikia tu kelele za uwanjani, na jioni angerudi na matope, nami ningejua kwa jinsi anavyovua viatu kama wameshinda au wameshindwa.

Msimu wake wa nne aligongwa goti. Halikupona sawasawa. Timu ikamtoa, na kwa kuwa kadi ilisema mchumaji, alipewa kikapu cha kweli na kupelekwa shambani. Alichuma na mguu usiokunjika, kwenye mteremko, bila kulalamika. Mwishoni mwa msimu meneja mpya alimwita, akafungua kitabu, akamwonyesha kilo zake za zamani na kilo zake za sasa. Akamwambia amekuwa mvivu. Tulipewa wiki mbili kuhama kwenye nyumba. Zile kilo za zamani zilikuwa zetu, mimi na wenzangu saba, na ndizo zilizomfukuza. Tukarudi kwa baba yake hapa Kimulot, tukapanda chai yetu, na mume wangu hakuzungumzia mpira tena.

Hayo yote nilimweleza binti yangu baada ya kula. Akatoa vyombo.

Kamati ilituita Kericho siku ya Alhamisi. Walikuwa watu watano nyuma ya meza, na mwenyekiti wao, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa mtu wa adabu. Aliniuliza kama nimefika salama, akaagiza niletewe chai. Kando yangu alikaa kipa wa ile timu, mzee ambaye kwao ni upande wa Kisii lakini amefanya biashara Chepseon miaka mingi. Yeye ndiye aliyependekeza majina ya wachezaji wote kumi na mmoja. Alikuwa amebaki hai peke yake.

Mwenyekiti alieleza sheria zao. Ukuta ni wa waliochezea taifa, na wa waliocheza mpira kama kazi ya kulipwa. Kisha akainua kadi ya mume wangu.

"Mama, hii inaonyesha mzee alikuwa mchumaji hodari sana. Angalieni hizi kilo. Mtu wa kilo kama hizi alikuwa anacheza Jumapili kujifurahisha. Si vibaya, lakini tukimwandika huyo, itabidi tuandike kila mtu aliyewahi kupiga mpira Kericho na Bomet."

Kipa akasimama. "Sisi tulikuwa tunafanya mazoezi asubuhi na jioni! Hiyo chai tungechuma saa ngapi?"

"Ninakuamini, mzee. Lakini karatasi iko wapi?"

"Karatasi waliandika wenyewe! Hawa watu walituleta, wakatutumia, wakatusahau. Vijana siku hizi wanalipwa, wanaonekana kwa televisheni, hawajui sisi ndio tulifungua njia. Tunangoja nini, tuishe wote?"

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huruma, akafunga faili. Hapo nikasikia sauti yangu.

"Hizo kilo ni zangu."

Wote wakanigeukia. Nikawaeleza habari za gunia, nyapara na sisi wanawake wanane. Nilieleza bila kupandisha sauti, kama ninayesoma tangazo kanisani. Mmoja wa wanakamati alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akanyamaza.

"Mlikubali?" mwenyekiti akauliza.

"Hatukuulizwa."

"Kwa hiyo hakuchuma kabisa."

"Alipokuwa akicheza, alichuma siku nne tu. Karani akamwaga."

Aliandika kitu, kisha akaniuliza, na nadhani alitaka kunisaidia: "Na wewe mwenyewe, mama, unaona anastahili heshima hii?"

Binti yangu aliniangalia. Nilijua anataka niseme nini.

"Sijui," nikasema. "Sikumwona akicheza. Najua alilipwa kucheza, na najua alipoumia waliandika ni mvivu. Kama mlitaka kujua hilo, basi nimesema."

Yule msichana wa ofisi, aliyekuwa akiandika mambo ya mkutano, aliinua mkono. "Na hao akina mama wengine, kogo, unakumbuka majina yao?"

Nilikumbuka sita. Nikayataja. Aliyaandika yote, lakini mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba ukuta ni wa michezo. Msichana akasema anajua, akamaliza kuandika la mwisho.

Nje, binti yangu aliniuliza kwa nini sikusema tu ndiyo. Nikamwambia sijui. Tulitembea hadi stendi, na alinishika mkono tulipovuka barabara.

Baada ya mwezi walipiga simu: majina kumi na moja yamekubaliwa. Siku ya sherehe kulikuwa na hema, mgeni rasmi, kwaya na soda. Walinipeleka mbele ya ukuta nikapigwa picha. Jina lake lilikuwa la tatu kutoka juu, limeandikwa sawasawa. Watu walikuwa wanangoja nilie, na mpiga picha aliinama karibu na uso wangu muda mrefu kidogo. Nilisoma jina lake, nikasoma na mengine yote mpaka chini, kisha nikaenda kuketi.

Niliposoma niliona wanastahili. Walifanya kazi, na kazi yao ilifichwa chini ya kazi yetu. Nililiona jambo hilo wazi kabisa, kama mtu anavyoona kwamba leo ni Jumamosi, na halikunipandisha wala kunishusha.

Wiki mbili baadaye kipa alikuja kunitembelea. Nilimpikia chai, nikamletea ugali na mursik, maziwa yetu ya kuganda, akala vizuri. Tuliongea habari za mvua na mashine zinazochuma chai kwenye mashamba makubwa siku hizi. Alipokuwa anatafuta kofia yake aende, nilimuuliza.

"Alichezaje?"

"Mzee wako? Alikuwa mzito." Akakaa tena. "Mbio hakuwa nazo. Winga yeyote angempita. Lakini alijua mpira utaangukia wapi. Wengine wanakimbia, yeye anatembea hivi, mikono nyuma kama mtu anaenda kuangalia ng'ombe wake, na mpira unakuja unamkuta. Mimi golini nilikuwa namkasirikia, namwambia kimbia wewe! Ananiangalia tu. Halafu unaona ameshautoa."

Nikaweka birika chini.

"Anatembea vipi?" nikamuuliza. "Rudia hapo."