Picha ya Baba Kwenye Kompyuta ya Mama

Juzi, Mnazi Mmoja, nilimwona kijana akibadilisha picha ya kioo cha kompyuta yake mara tatu kabla hajamaliza chai. Nilichoka hata kumtazama.

Mama alikuwa na duka la kuchapa barua Kariakoo, lenye harufu ya wino na vumbi la moto. Picha pekee ya marehemu baba ilikaa kwenye kioo cha kompyuta yake. Ile ya karatasi ilichukuliwa na mafuriko ya Jangwani. Kila nilipotoka shule nilikiamkia kioo, "Shikamoo, baba."

Mchana mmoja fundi aliweka mfumo mpya. Mashine ililia mlio mgeni, kikatokea kilima cha kijani mahali pa baba.

"Mambo ya kisasa, mama! Sasa unaweka picha yoyote."

"Basi nirudishie mume wangu."

Fundi alicheka, kisha akaanza kupekua mashine. Alikuwa amefuta kila kitu.

Mimi nilidhani kile kilima ni kwetu Uchagani, kule milimani watu wanakokwenda kula Krismasi. "Usilie, mama. Ameenda nyumbani. Wanaoenda hurudi baada ya Krismasi."

Leo najua Mama hakuamini hata neno moja. Lakini alivuta kiti, akanipakata mbele ya kile kilima.

"Haya," alisema. "Tumsubiri."