Mgongo wa Baba

Jana kwenye kemisti hapa Kitengela, mtu alifungua chupa ya dawa ya kuchua, na harufu yake ikanirudisha utotoni.

Baba alikuwa mpakiaji wa mawe ya ujenzi. Kila jioni alilala kifudifudi kwenye mkeka, Mama akamchua kwa dawa kama hiyo, kisha mimi nikapanda mgongoni mwake na kutembea polepole. Ngozi yake ilikuwa moto, bado ikiwa na vumbi la mawe.

"Hapo hapo, mami," alikuwa akiniambia.

Halafu mguu wake wa kushoto ukaanza kufa ganzi, hata ndara ikimtoka hajui. Tukampeleka hospitali ya Kajiado.

"Diski ya kiuno imetokeza, inabana neva," daktari alisema. "Ni mizigo mizito. Apumzike, afanye mazoezi nitakayomwonyesha, na asikanyagwe tena mgongoni."

Mimi nilisikia hayo ya mwisho tu.

Nyumbani nilijificha nyuma ya tangi la maji. Baba akanifuata akiburuta mguu.

"Ni mawe, mami. Si wewe."

Niliitikia, lakini sikuamini. Tangu siku hiyo, akiniita nikae naye mkekani, nilimwambia niko na kazi ya shule. Baadaye akaacha kuniita.