Maporomoko Tusiyoyaona

Mama yangu ni mtu wa Dodoma, amezeeka akichota maji ya kisima. Alipokuja kunitembelea Kigali kwa mara ya kwanza, niliapa hataondoka bila kuona maporomoko ya msitu wa Nyungwe. Ameshapita miaka sabini. Nilijua hakuna safari nyingine. Nikapanga: Jumamosi tuione nyumba ya kale ya mfalme kule Nyanza, tulale Huye, Jumapili asubuhi tuingie msituni. Jumatatu ndege.

Jumamosi saa mbili nilikuwa nimeshamkalisha mama garini na chupa ya chai. Mume wangu akatokea amevaa mabuti, jembe begani.

"Unakwenda wapi na jembe?"

"Leo umuganda."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima unatoka kufanya usafi na magari hayatembei mpaka saa tano. Mimi mwenyewe huzibua mtaro na majirani kila mwezi, na bado nilisahau. Hasira ilinipanda nikashindwa hata kunywa chai. Mama alishuka garini, akaenda kupiga soga na majirani kwa Kiswahili chao na chake.

Tulipoondoka, mume wangu aliendesha polepole kwa kuogopa kamera za barabarani. Tukikaribia Ruhango akasema hawezi kupita mlangoni kwa dada yake bila kumsalimia. Dakika tano tu. Nikamwambia hatuna dakika tano. Akanijibu haraka haina baraka, na kama kuna msemo ninaouchukia, ni huo.

Wifi yangu akatuletea maziwa ya moto, na maziwa hapa hayakataliwi. Mama akamaliza kikombe, akaongezewa. Nikaanza kuaga, wifi akatikisa kichwa.

"Oya, wifi. Mama iko na njaa. Mutakula, mutarara hapa, kitanda iko."

Nikasikia kuku akipiga kelele nyuma ya nyumba, nikajua safari imechinjwa pamoja naye. Mume wangu alikuwa ameshavua viatu. Nilikula nimenuna, nikalala nimenuna.

Jumapili nikaamka mapema, lakini wifi alikuwa ameshamvisha mama kitenge chake kipya. Kanisani mgeni akasimamishwa mbele, akaimbiwa, akashikwa mikono na kila mtu mpaka watoto. Kisha chakula tena. Kisha kusindikizwa, na kusindikizwa kwenyewe ni kusimama njiani na kuanza mazungumzo upya. Tulipofika Nyanza ilikuwa alasiri. Niliingia peke yangu chini ya lile paa kubwa la nyasi; mama alisema anatosheka na benchi, atawatazama ng'ombe wa pembe ndefu. Nikaona ameshiba kupita kiasi, nikamlaumu wifi kwa hilo pia. Msitu ulikuwa mbali mno sasa. Tukageuza gari kurudi Kigali, na njia nzima sikumsemesha mume wangu.

Jumatatu pale uwanja wa ndege wa Kanombe, mume wangu akiegesha gari, nilimshika mama mkono kuelekea mlangoni. Kijana wa uwanja akaja anasukuma kiti cha magurudumu, akataja jina la mama. Nikamwambia amekosea. Mama akageuza mgongo, akajishusha kitini bila kuangalia nyuma, kama mtu anayekijua.

"Hata wakati wa kuja nilikalia hiki," alisema. "Nilishuka kabla ya mlango, usije ukaniona."

Nilikasirika, safari hii naye. Nikamuuliza angepandaje ule mlima wa kufikia maporomoko, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

"Ningepanda tu, mwanangu. Ulikuwa umelitaka sana jambo lile." Akaweka mkoba wake mapajani. "Nilimwomba Mungu atucheleweshe. Yule wifi yako, umsalimie sana."

Kijana akauliza kama tumemaliza kuagana. Mama akamjibu ndiyo.