Salamu za Lushoto Katika Ukumbi wa Johannesburg

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kwa kusalimia. Ilikuwa Braamfontein, Johannesburg, kwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni, nami nilikuwa mpokezi, yule anayesimama mlangoni mwa basi kuhakiki majina na kukaribisha watu. Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Kwetu humwambii mtu "habari" ukapita. Unamuuliza alivyoamka, wazee wake, watoto, shamba na mvua. Basi kila mgeni nikamsalimia kikamilifu, na foleni ikafika kwenye robot, kama wanavyoita kule taa za barabarani.

Msimamizi wa Misafara, Mkongomani wa Lubumbashi mwenye sauti ya tarumbeta, akanivuta pembeni. "Mama, bageni habana na wakati! Sema bonjour, funga mulango, tuende."

Nikajifunza. Miaka yote niliyokaa mtaa wa Turffontein, jijini humo humo, nilipanda vyeo, kutoka mpokezi hadi mwongozaji, kisha mpanga ratiba, yaani yule anayeamua wageni walale wapi na waone nini. Niliuza simba wa watu na fukwe za watu. Iliniuma. Lushoto na baridi yake, misitu yake na peasi zake ilikosa nini? Mkataa kwao mtumwa, nami nilikuwa nimekaribia.

Nikarudi nyumbani, na kabla sijafungua mabegi nikaanza kuwasumbua wakubwa. Afisa Utalii wa Wilaya, bwana mpole, alinisikiliza mpaka akachoka. Mwishowe akakubali: halmashauri ingetulipia meza kwenye maonyesho ya utalii Johannesburg, mara moja tu. Tukirudi bila wakala hata mmoja, basi tena. Dada yangu alikuwa na nyumba ya wageni iliyolaza upepo mtupu. Akanifungia peasi za kuonjesha na kuniambia, "Usiniaibishe."

Kwenye maonyesho yale, wakala, yaani muuza safari, huketi mezani kwako dakika chache, kengele ikalia, akahamia meza nyingine. Wa kwanza kwetu alikuwa mama mmoja wa Soweto. Bonjour ya Msimamizi naijua vizuri, lakini nilipoona jina la Lushoto limeandikwa juu ya kichwa changu, ulimi ulikataa. Nikamsalimia kwa Kizulu salamu ndefu ya Kisambaa. Tulikuwa bado kwenye habari za mama yake mzazi, kengele ikalia. Msitu sijautaja. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

"Bi Zaina, tumekwisha," Afisa, niliyesafiri naye, akaninong'oneza.

"Tulia, baba. Hii ndiyo bidhaa yenyewe," nikamjibu. Lakini moyoni nilimwona dada yangu kule Lushoto akifunga mlango wake kwa kufuli.

Wakati wa chai yule mama wa Soweto akarudi, ameongozana na wenzake. "Eish, mama! Tangu asubuhi watu wananiuliza nina wateja wangapi. Wewe peke yako umeniuliza mama yangu anaendeleaje. Wanakosalimia hivi ni wapi?"

"Kwetu," nikasema, na ndipo nikakunjua ramani.

Ukumbi ulipofungwa peasi zilikuwa zimekwisha na yule mama ameahidi, kwa saini yake, kuleta kundi la kwanza. Afisa aliipigia halmashauri simu kwa sauti iliyogeuza shingo za meza zote za jirani. Nililia kwa furaha, sikujificha.

Sasa nimestaafu, na kwa dada yangu usipowahi hupati kitanda. Ninyi mnaoanza kazi hii jifunzeni ratiba na bei, ila msione haya kuuza tabia za kwenu.

Mwezi uliopita basi la wageni wa yule mama lilisimama mbele ya nyumba ya dada, nami nikasimama mlangoni kama zamani. Akashuka mzee wa fimbo akiwahimiza wenzake, nikaijua ile sauti ya tarumbeta kabla sijaujua uso. Alikuwa Msimamizi wangu.

Nikamwambia, "Bonjour."

Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Salimia yote. Leo niko na wakati."

Nikaanzia kwa babu yake.