Swali la Daktari Kuhusu Njiwa

Baba aliwachinjisha njiwa wote wa kaka yangu wakati kaka mwenyewe alikuwa bado hai, amelazwa hospitalini, na kila tulipomtembelea aliuliza kama wamepewa mahindi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mtaani kwetu karibu na Makadara. Kaka alifuga njiwa tangu akiwa shuleni, katika kizimba alichokiunda nyuma ya nyumba kwa mbao za masanduku. Alipooa, mkewe alihamia kwetu, wakapata mtoto. Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Tulidhani ni malaria, akameza dawa za malaria. Shingo ikakakamaa, hata mwanga wa dirishani ukawa unamtesa. Tukampeleka hospitalini.

Walimchoma sindano mgongoni, wakatoa maji ya uti wa mgongo, wakayapima. Siku iliyofuata daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alituita mimi na baba kwenye korido. Alisema kuvu imeingia kwenye utando wa ubongo.

"Nyumbani mnafuga njiwa?"

"Tunafuga," baba akajibu upesi.

Akaeleza kwamba kuvu hiyo huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha njiwa, kwamba watu wengi huivuta puani bila kudhurika, na kwamba humwangusha yule ambaye virusi vimekwisha kula kinga yake. Damu ya kaka ilikuwa imepimwa, na virusi vilikuwamo. Akaomba mke wa mgonjwa aje wazungumze, naye apimwe akikubali. Baba akasema atamwambia.

Baba alikuwa karani wa reli na mzee wa kanisa, mtu wa kurudia mahubiri mazima bila kuruka neno. Kutoka korido ile alibeba neno moja tu. Jioni aliwaambia majirani, "Ni njiwa," na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua gunia. Ugonjwa ule mwingine watu wa mtaa waliuita "huo ugonjwa", wakitazama kando. Njiwa waliweza kutajwa hata mbele ya wageni.

Jumamosi alimwita jirani yetu aliyechinja mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko. Vijana wakakaa ukutani kutazama.

"Niaje mzee, leo ni kuku wa kupaa?"

"Shukeni hapo, msije mkaumwa vichwa," mchinjaji akawajibu. "Ingawa hivyo vyenu sioni kitu cha kuuma ndani."

Wakacheka wote isipokuwa baba. Njiwa walipokwisha kuchinjwa, aliwamwagia mafuta ya taa, akawachoma. Hakuna aliyeonja.

Shemeji, mke wa kaka, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Baba, daktari alisema ni njiwa peke yake?"

"Ni njiwa, mwanangu."

"Mimi nimefagia kinyesi chao tangu nilipoolewa. Huyu mtoto ametambaa humo humo. Mbona sisi hatuumwi?"

Baba aliinama, akaanza kung'oa misumari ya kizimba. Shemeji akanigeukia.

"Shemeji, wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

Baba aliinua uso, nyundo mkononi. Nikasema, "Daktari anataka kukuona."

Jumatatu shemeji alivaa gauni lake la kanisani, nikamsindikiza. Tulipofika wodini, kaka alifumbua macho kidogo.

"Njiwa wamekula?"

"Wamekula," mkewe akasema, akamfunika miguu, kisha akaenda kubisha kwa daktari.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa amekunja mkono juu ya kipande cha pamba. Majibu, aliniambia, yangechukua wiki kadhaa.

Jioni ile mtoto alililia ziwa. Shemeji alimtazama, akamkabidhi kwangu, akaenda jikoni kumkorogea uji.