Jozi Saba Kwenye Ngazi za Hekalu

Hebu mtazame Nasiba anavyofika kazini: mwanamke mfupi, ufagio kwapani, anapanda kilima cha Kamembe akisalimia kila mlango. Alikuwa Mwislamu, lakini hadi mwaka ule wa 1967 alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja akifagia hekalu dogo la Wahindi. Vita vilipowaka Bukavu, ng'ambo ya mto tu hapo, mwenye hekalu alikimbilia Bujumbura, akamwachia ufunguo na neno moja: ngozi ya ng'ombe, hata ya kiatu, isivuke kizingiti.

Siku ya tatu tangu aondoke, mchana, wakaja wageni ambao hekalu lile halijapata kuwaona: Wakristo saba waliovuka daraja kwa miguu. Mbele yao alikuwa Murhula, dereva aliyekataa kuwaendeshea watu wa bunduki lori lao, na mkewe Feza.

"Maman, tufiche. Watu ya bunduki beko nyuma yetu."

"Ingieni, ingieni. Lakini viatu inje, Papa. Hapa ni nyumba ya Mungu ya benyewe."

Murhula akavua, kidole gumba kikachungulia kwenye soksi. "Ningejua naenda kwa Bahindi, ningeshona kwanza!"

Walicheka, ndugu zangu. Wote saba walicheka. Nasiba akawapeleka chumba cha ndani, akafunga mlango mzito, akarudi ngazini. Mikono yake ikafanya ilichozoea: ikapanga viatu, jozi kwa jozi, visigino ukutani.

Alikuwa anafagia watu wa bunduki walipofika.

"Hapa hakuna muntu," akasema. "Patron alienda Bujumbura."

Mkubwa wao akatazama ngazi, akahesabu viatu kwa ncha ya fimbo. "Na hizi bottines, Maman? Miungu ya Bahindi inavaa namba arobaini na tatu?"

Wakamsukuma, wakaingia. Walimtaka Murhula peke yake, wakamchukua peku. Hakurudi tena.

Feza alibaki Kamembe, akawa anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Kule ndani hakusikia lolote la ngazini. Alichokumbuka ni fundi cherehani wa jirani, Habimana, aliyesimama dirishani wakati wanaingia. "Ni ule alituuza," akaambia soko zima. Watu wakaacha kumpelekea nguo. Wakaacha kumwitikia salamu. Mkewe akarudi kwao Gikundamvura na watoto, na cherehani ikakaa kimya.

Nasiba aliyaona yote hayo. Mara mbili alifika hadi kwenye meza ya Feza, mdomo wazi, na mara zote mbili akaishia kununua samaki. Maana Feza alimwita dada yake, mtu pekee aliyewafungulia mlango siku ile.

Mpaka siku moja Habimana mwenyewe akamjia pale sokoni, amekonda, kofia mkononi. "Maman Nasiba, wewe ulikuwa pale. Wambie tu: ni mimi?"

Feza alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, anasikiliza. Wewe ungekuwa Nasiba, ungejibu nini?